Ndiva Haikauki

Siku ya tatu ya ukimya, saa nne kasorobo asubuhi, shangazi yangu Nambike alinipigia simu kutoka Upare kuniuliza nimemtuma nani msaragamboni kwa niaba yangu.

"Shangazi, niko mkutanoni Arusha. Mkataba unapita leo saa sita mchana."

"Najua. Nimekuona kwenye taarifa ya habari umevaa miwani. Mimi nauliza jembe lako liko wapi."

Msaragambo ni kazi ya wote, na kwetu hakuna mtu aliyekua akawa mkubwa kuliko kazi hiyo. Ukiwa mbali unatuma mtu. Shangazi ni mwenyekiti wa kamati ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, tangu nikiwa shule ya msingi, na cheo changu katika Baraza la Anga hakimbabaishi hata chembe. Nikamwahidi kwamba binamu yangu atafika kabla ya adhuhuri. Hakuniamini. Akaigeuza simu ili nione jinsi watu wenye haya wanavyofanya kazi.

Walikuwa kama thelathini hivi, wamesimama ndani ya ndiva, tope limewafika vifundoni, wanalizoa kwa makoleo na kulipandisha ukingoni kwa karai. Walikuwa wakicheka. Ndani ya bwawa lile hapakuwa na maji ya kunawa uso.

"Mbona imekauka?"

"Ingekuwa na maji tungeingiaje? Tumefungulia kulipopambazuka, zamu ya watu wa chini. Inajaa usiku, inaisha asubuhi, kila siku ya Mungu. Umesahau, au miwani ndiyo imekusahaulisha?"

Mezani mbele yangu kioo cha kazi kilikuwa kinaonyesha Jedwali la Saba, ramani ya milima ya Upare. Pale ndiva ya shangazi ilikuwa na rangi ya buluu. Ndiva zote mia tatu na kumi na saba zilikuwa za buluu, na pembeni yake maneno: maji ya kudumu, hayakauki. Chini kabisa kulikuwa na sahihi ya mthibitishaji. N. Mchome. Ndiyo mimi, Nakiete Mchome, niliyelelewa ukingoni mwa ndiva ileile.

Setilaiti ya kupima maji hupita juu ya Upare saa kumi alfajiri, wakati kila ndiva imejaa pomoni. Iliona mabwawa yaleyale, yamejaa vilevile, kila ilipopita kwa miaka mitano. Fomu ikaniuliza mimi, binadamu, mwenyeji: maji haya hukauka? Nami nikajibu hapana bila kufikiri, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyojigamba kwetu. Ndiva ya kwetu haikauki. Wazee husema hivyo harusini na msibani, maana yao ni kwamba kamati haijawahi kushindwa kuwafikishia watu zamu zao. Mimi nikayachukua majigambo ya ukoo nikayatia sahihi kama kipimo.

"Shangazi," nikasema, "nimewaandika kwamba mna maji ya akiba. Mkataba utawapunguzia mvua za vuli. Theluthi mbili. Miaka kumi na miwili."

Makoleo yaliendelea kulia nyuma yake.

"Si ungeuliza?" akasema. "Simu yangu ina chaji kila siku."

Niliitazama tena sahihi yangu kwenye kioo.

"Mimi mambo ya angani siyajui. Lakini hapa mgawaji akikosea zamu hajifichi ndani. Anatoka anasema. Watu wanamtukana, anatukanika, halafu maji yanagawanywa upya. Haya, niache, kuna mtu anaegemea koleo." Akakata.

*

Kwa wasiojua mambo ya mikataba: nchi mia moja na tisini haziwezi kukubaliana kwa maneno, kwa hiyo hukubaliana kwa kunyamaza. Mwenyekiti anaweka maandishi mezani na kutaja saa. Saa ikifika bila yeyote kupinga, yamepita. Yakipingwa, mkutano unafungwa na maandishi yanarudishwa kwa serikali zote kujadiliwa upya, na mara ya mwisho safari hiyo ilichukua miezi minane.

Yaliyowekwa mezani safari hii yalikuwa Mkataba wa Pazia. Vyombo elfu nne vya kuelea, juu kuliko ndege ya abiria inavyofika, vingemwaga unga laini wa chokaa ili jua litufikie likiwa limepunguzwa makali. Joto lingeshuka. Lakini ukiligusa jua umeigusa na mvua, na hapo ndipo ulipo ugomvi wa miaka tisa. Tuliujengea mtambo wa kukokotoa, tukauita Mizani. Mizani inamnyima mwenye akiba na kumwachia asiyenayo. Inaamini kile tulichoiambia.

Dunia haikutaka tena mtambo usio na mtu wa kulaumiwa, kwa hiyo kila jedwali lina mthibitishaji mmoja, mtu mwenye jina na uso. Mtu huyo anaweza kufuta sahihi yake hadi dakika ya mwisho. Akiifuta, jedwali limekufa na ukimya umevunjika. Naye hatathibitisha tena kitu chochote maishani mwake.

Nilijua hayo yote nikishuka ngazi kwenda kumtafuta Balozi Yaredi Chitemo, mkuu wa ujumbe wetu. Nilimkuta chumba cha wajumbe na kikombe cha chai ya tangawizi, ametulia kama mtu aliyekwisha kuvuna.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Dakta. Kaa. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akaweka kikombe chini.

"Huko milimani kwenu kuna watu wangapi?"

"Elfu themanini."

"Na kiangazi kilichopita Jacobabad, kule Pakistan, walikufa kwa joto wangapi?"

"Elfu kumi na moja na ushee."

"Mji mmoja. Msimu mmoja. Na kiangazi kijacho kinaanza baada ya wiki tisa. Pazia lisipopanda mwezi huu halitawahi." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Watu wako watakufa?"

"Watahama. Wengine watakufa polepole, na hakuna atakayeandika kwamba ni mkataba uliowaua."

"Nyie Wapare," akasema, "mnauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku." Ilikuwa mzaha ule wa siku zote, lakini hakucheka. "Mimi ni Mgogo wa Bahi, binti yangu. Mkataba huu unanipa siku kumi na tisa za mvua ambazo baba yangu hakuwahi kuziona. Jedwali likihesabiwa upya, sehemu ya hizo itakwenda kwenu. Unaniomba nizirudishe kwa mkono wangu?"

"Sikuombi ruhusa, Mheshimiwa. Haki ya kufuta ni ya mthibitishaji. Nimekuja kukuarifu ili usiaibike mbele za watu ukiwa hujui."

"Subiri miezi sita. Waache wapande, halafu tuombe marekebisho."

"Ibara ya kumi na nne inasema jedwali lililopita haliguswi mpaka miaka kumi na miwili iishe. Uliiandika wewe."

"Niliiandika mimi," akakubali. "Ili wakubwa wasitubadilishie mbele ya safari." Akachukua kikombe chake, akakirudisha bila kunywa. "Nenda. Sikukutuma, na sikukuzuia."

*

Rukhsana Talpur wa Pakistan alikuwa rafiki yangu wa mikutano sita. Nilimkuta amesimama kwenye veranda ya Ukumbi wa Themi, anautazama mlima Meru uliojifunika mawingu. Tuliongea kwa vifaa vya masikioni vinavyotafsiri. Changu kilikuwa kimefundishwa kwa sauti ya mtangazaji fulani wa Unguja, kwa hiyo siku zote Rukhsana aliniita bibiye kwa madaha ambayo nina hakika hakuwa nayo. Siku hiyo madaha yale yalikuwa mateso.

"Bibiye, zimebaki dakika arobaini," akasema. "Sijalala tangu Jumanne. Nikifumba macho naona mtu ananyoosha mkono kupinga."

"Mtu huyo ni mimi."

Nilimweleza yote kwa pumzi moja: ndiva, setilaiti, majigambo, sahihi. Sikujitetea. Nilitaka anikatize anitukane, lakini hakufanya hivyo. Uso wake ulikaza kidogokidogo.

"Baba yangu alikuwa muuza barafu," akasema. "Kiangazi kile alikufa amelalia mabonge yake mwenyewe. Walipomkuta barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka yote, nguo zake zilikuwa zimeshakauka." Akanigeukia. "Ungekaa kimya, mimi ningejua?"

"Usingejua."

"Basi kwa nini unaniambia? Ungekwenda ukafuta tu."

"Kwa sababu meza zetu zinatazamana. Sikutaka nifute huku nimeinama."

"Nakuchukia," akasema, na kile kifaa kikaitamka kwa uzuri kabisa. "Si sana. Lakini nakuchukia."

"Ni haki yako."

Alirudisha macho mlimani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu wa kazi.

"Mizani ikipewa vipimo sahihi, inahitaji muda gani kukokotoa upya?"

"Saa kumi na tisa, isipokatizwa."

"Saa kumi na tisa. Nao watatupa miezi minane."

"Ndivyo kanuni ilivyo. Ukimya ukivunjika, mkutano unafungwa."

"Ukifungwa," akasema. Akakung'uta vumbi kwenye shali yake, akaingia ndani bila kuniaga.

*

Saa tano na dakika hamsini na mbili niliweka kidole gumba juu ya jina langu kwenye kioo. Niliwafikiria watu wa Jacobabad ambao sikuwajua hata mmoja. Nilifikiri pia kwamba kama ningeweza kunyamaza mbele ya kosa ninalolijua, sahihi zangu nyingine zote zilikuwa hazina maana tangu mwanzo. Nikabonyeza.

Taa ya kijani juu ya jukwaa ikawa nyekundu. Mwenyekiti, mtu mpole kutoka visiwa vya Pasifiki, alinitazama kama mtu asiyeelewa, kisha akanipa kipaza sauti.

"Jedwali la Saba lina kosa," nikasema. "Kosa ni langu. Niliandika kwamba maji fulani hayakauki, na hukauka kila siku. Nimeifuta sahihi yangu. Nchi yangu haikunituma."

Kelele iliyofuata sijawahi kuisikia ukumbini. Watu waliomaliza miaka tisa wakipimana maneno walisimama wakanitukana kwa lugha kumi na mbili, na wakalimani, Mungu awape afya, hawakuruka hata tusi moja. Nilikaa nikayasikiliza. Shangazi alikuwa amenionya.

Mwenyekiti alinyanyua nyundo yake kufunga mkutano. Miezi minane ilikuwa ndani ya nyundo ile.

Kibao cha Pakistan kikasimamishwa wima.

"Pakistan inaomba kuzungumza," akasema Rukhsana.

"Mheshimiwa, ukimya umevunjika. Sina budi..."

"Kanuni ya tisa. Mkutano haufungwi wakati mjumbe anazungumza, na mjumbe hawekewi kikomo cha muda. Kwa lolote linalohusu uhai wa watu wake."

Ukumbi ulitulia. Kanuni ya tisa iliandikwa kwa ajili ya nchi za visiwa, zamani, zilipokuwa zikikatizwa hotuba zake huku bahari ikila makaburi ya babu zao. Mwenyekiti aliijua kuliko mtu yeyote ndani ya jengo lile. Alitazama nyundo, akafungua mtoto wa meza, akaiweka ndani na kuufunga.

"Endelea, Mheshimiwa."

Rukhsana alitoa mkobani rundo la karatasi lililofungwa kwa uzi. Hakutoa utangulizi wowote.

"Ghulam Nabi Talpur, miaka sabini na mmoja, muuza barafu," akasoma. "Zarina Khoso, miaka thelathini, mshona nguo. Mtoto wa Zarina Khoso, siku nne, alikuwa hajapewa jina. Abdul Wahid Brohi, miaka hamsini na mitano, dereva wa trekta."

Mkono ukanigusa begani. Alikuwa Balozi Chitemo.

"Umekaa kitako unasikiliza nini?" akaninong'oneza kwa ukali. "Anakununulia muda. Fungua hiyo Mizani."

*

Safari hii niliuliza. Nilimpigia shangazi, naye akawatoa watu matopeni na kuwapanga ukingoni na simu zao, kila mmoja ampigie mwenyekiti wa ndiva anayemfahamu. Inajaa saa ngapi? Inafunguliwa saa ngapi? Inakwisha saa ngapi, na mwaka wa ukame je? Majibu yalikuja yamechanganyika na salamu, malalamiko na kesi za mipaka. Mzee mmoja wa Mbaga alikataa kutaja lolote mpaka aambiwe mimi ni mtoto wa nani. Kufikia saa tisa nilikuwa na ndiva mia tatu na kumi na saba, kila moja na saa zake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kudumu. Jedwali likapata mthibitishaji mpya, mwenzangu wa Barazani, na mimi nikabaki karani tu. Nikaliingiza. Mizani ikaanza kukokotoa.

Majina yaliendelea. Jina, umri, kazi. Wakalimani waligundua mapema kwamba hapakuwa na cha kutafsiri isipokuwa kazi na miaka, basi wakawa wanayatamka yale majina yaleyale, kila kibanda kwa lafudhi yake. Hakuna mjumbe aliyeondoka. Mwanzoni nadhani ilikuwa haya. Baadaye haikuwa haya tena. Niliona mwanamume wa ujumbe mmoja mkubwa, aliyenitukana kwa sauti kuliko wote, akifuta macho kwa tai.

Jioni sauti ya Rukhsana ilikatika. Kanuni haikusema mjumbe asome peke yake. Chitemo alivuka ukumbi, akamwomba ukurasa, akavaa miwani yake ya kusomea. Aliyaumauma majina ya Kisindhi vibaya sana. Kila alipokosea Rukhsana alimsahihisha kwa mnong'ono, naye alirudia hadi apatie, kama mtoto wa madrasa. Baada yake akasoma mjumbe wa Bangladesh, kisha wa Peru, kisha Mwenyekiti mwenyewe aliomba zamu.

Saa nne asubuhi ya siku ya pili Mizani ilimaliza.

Upare ilikuwa imerudishiwa vuli yake, pungufu kidogo kama ya watu wengine wote. Bahi ilipoteza siku nne kati ya kumi na tisa. Nilimwonyesha Chitemo, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema, "Kumi na tano ni nyingi kuliko sifuri," na nikamwona anavyojilazimisha kuamini. Sehemu nyingine ilitoka mbali zaidi, maana anga ni moja. Nikachukua kioo changu, nikavuka mwenyewe hadi meza ya Pakistan.

Rukhsana alikuwa amerudi kusoma. Aliponiona alimwachia msaidizi wake kipaza sauti.

"Kwako joto litashuka pungufu ya lilivyopangwa," nikamwambia. "Sehemu moja ya kumi ya nyuzi."

"Usiniambie nyuzi. Ni watu wangapi?"

Nilikuwa ninajua. Nilikuwa nimeikokotoa mara tatu, nikitumaini itabadilika.

"Tisini. Kwa kiangazi kimoja."

Aliinamisha kichwa. Nyuma yetu msaidizi alikuwa akisoma, mfinyanzi, mwanafunzi, mama wa nyumbani. Maandishi mapya yaliwekwa mezani, na Mwenyekiti alitangaza ukimya wa saa moja tu. Vibao vyote vilikuwa vimelazwa isipokuwa kimoja. Cha Pakistan kilikuwa bado wima tangu jana, na kikibaki hivyo saa ikiisha, kazi yote imekwenda na maji.

Sikumwomba. Sikuwa na mdomo wa kumwomba.

"Na wa kwako?" akauliza. "Ungenyamaza, wangekuwa wangapi?"

"Sijui. Hakuna ambaye angewahesabu."

Akanyoosha mkono, akakilaza kibao chake taratibu juu ya meza, akakishikilia chini kwa kiganja kana kwamba kingeweza kuinuka chenyewe.

Mkataba ukapita. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba kanuni haimlazimu tena mtu yeyote kuzungumza, na wajumbe wako huru kwenda kupumzika.

Rukhsana akamnyang'anya msaidizi wake karatasi.

"Yamebaki majina elfu tatu," akasema, akanisogezea nusu ya rundo. "Kaa. Anza na huyu."